Je, wajua kwa nini kijana hodari wa simu hudanganyika mtandaoni?

Mpe kijana wa kidato cha pili pale Wete, Pemba, simu iliyojifunga, ataifungua. Atahamisha picha, ataficha programu asizotaka mama azione, atajiunga kifurushi cha usiku kwa namba ambazo mwalimu wake hazijui. Ndiyo maana wengi hudhani kuwa kijana huyo huyo akiletewa uongo atautambua mara moja, na kwamba kilichobaki ni skuli kupata chumba cha kompyuta na mwalimu wa kukisimamia. Dhana zote mbili zina kasoro, na ya pili ina gharama.

Ya kwanza ina umri. Mwaka 2001 mwandishi wa Kimarekani, Marc Prensky, aliwaita vijana waliokulia kwenye vyombo hivi "wazawa wa dijitali", na jina likashika. Vipimo havikuliunga mkono. Utafiti wa kimataifa wa ICILS, unaopima ujuzi wa kutumia kompyuta na habari, mwaka 2018 uliwapima wanafunzi zaidi ya 46,000 wa darasa la nane, wengi wao kutoka nchi zisizo na shida ya umeme wala vifaa. Waliofika ngazi ya juu kabisa, ile ya mtu kutafuta habari na kuipima mwenyewe, walikuwa asilimia 2.

Kuna kipimo kingine kinachochekesha na kutisha kwa pamoja. Kati ya 2018 na 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwaonesha wanafunzi 3,446 wa sekondari nchini Marekani video ya Facebook iliyodai kuonesha wizi wa kura katika kura za mchujo za chama cha Democratic za 2016. Wanafunzi walikuwa na intaneti mbele yao na ruhusa ya kutafuta watakacho. Zaidi ya nusu walisema video ile ni ushahidi mzito. Ilikuwa imepigwa Urusi. Waliogundua ilikotoka walikuwa watatu, na hapo sizungumzii asilimia: ni wanafunzi watatu.

Kabla hatujawacheka watoto, wakubwa nao walishapimwa. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew, wa Stanford vilevile, walichapisha matokeo ya watu 45 waliowekwa mbele ya tovuti wasizozijua: wanafunzi 25 wa chuo kikuu, wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, na wahakiki habari 10 wa vyombo vya habari. Wanahistoria, watu ambao kazi yao ni kutilia shaka nyaraka, mara nyingi walinaswa na nembo nzuri na anwani yenye sura ya kiofisi. Waliofaulu ni wahakiki, na walifaulu kwa kufanya jambo ambalo mwalimu angeliita uvivu: waliiacha tovuti karibu bila kuisoma. Wakafungua kurasa nyingine kuuliza, huyu ni nani na wengine wanasemaje juu yake? Watafiti wakaliita jambo hilo kusoma kwa pembeni.

Mzazi yeyote wa Pemba aliyewahi kupokea posa anaijua njia hiyo. Barua imekuja, mwandiko mzuri, karatasi inanukia udi. Hakuna familia inayoketi kuisoma barua mara saba ili ijue kama kijana anaswali na kama analipa madeni. Anatumwa mjomba Konde, anakotoka huyo kijana. Mjomba anakaa barazani, ananunua sigara dukani anakokopa kijana, anaulizia habari za msimu wa karafuu, halafu, kama kwa bahati, anamtaja. Nusu saa inatosha. Ukurasa wa "Kuhusu sisi" katika tovuti ni barua ya posa: ameiandika mposaji mwenyewe, na hawezi kujisema vibaya. Anwani inayoishia na .org nayo haithibitishi kitu, kwa kuwa yeyote mwenye ada huipata. (Ile ya .go.tz ni tofauti, hiyo imetengewa serikali.) Mjomba mzuri ana hadhari moja zaidi. Akisikia sifa ile ile kwa watu watano, huuliza nyinyi mlisikia kwa nani. Ikiwa wote walisikia kwa mama wa kijana, basi ana shahidi mmoja, tena mwenye masilahi.

Hapo ndipo dhana ya chumba cha kompyuta inapoanguka. Mwalimu wa kompyuta anaweza kufundisha namna ya kufungua kurasa kumi kwa pamoja. Hawezi kujua katika kila somo nani wa kuulizwa na nini kinatia shaka. Hilo liko kwa mwalimu wa somo, hata kama hajui kuchapa.

Tazama Historia. Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sultani wa Zanzibar, Hamad bin Thuwaini, na Khalid bin Barghash akakalia kiti bila ridhaa ya Waingereza. Tarehe 27, saa 3 kamili asubuhi, muda aliopewa wa kuondoka ukaisha, na manowari za Waingereza zikalipiga kasri kwa mizinga. Wanafunzi wakitafuta vita vile vilidumu dakika ngapi, watakutana na 38, 40, 43 na 45. Tabia ya kawaida ni kuchukua jibu la juu kabisa na kufunga simu. Mwalimu mwenye simu moja, ya kwake, anaweza kuwazuia wasifungue chochote kwanza: awasomee vichwa vya matokeo, waseme upi wautembelee na kwa nini. Kisha waandike ubaoni kila ukurasa unahesabu kuanzia lini na kuishia lini. Itaonekana kwamba wengine wanaanzia saa 3:00, amri ilipotoka, wengine saa 3:02, mizinga ilipolia. Na mwisho wengi wanauweka saa 3:40, bendera ya kasri iliposhuka, wachache saa 3:45. Hakuna aliyedanganya. Na zile kurasa nyingi zenye 38 zinafanana hadi sentensi, dalili kwamba zimenakiliana, ni yale yale ya mama wa kijana.

Mwalimu wa Dini yuko mbele kuliko wote, ingawa sidhani kama kuna mradi wa TEHAMA uliowahi kumfikiria. Isnadi, yaani mnyororo wa wasimulizi wa hadithi, ni kazi hiyo hiyo ya kumchunguza msimulizi nje ya maneno yake, imefanywa kwa zaidi ya miaka elfu. Hadithi mashuhuri ya "hakika ya amali ni nia" ilipita kwa msimulizi mmoja mmoja katika tabaka za mwanzo, kisha ikasimuliwa na wengi mno. Wanazuoni wameikubali kwa sababu ya uaminifu wa wale wa mwanzo. Wingi wa waliofuata haukuipandisha daraja ikawa mutawatiri, yaani iliyosimuliwa na wengi katika kila tabaka. Mwanafunzi aliyeelewa hilo hashangazwi na mishale miwili ya WhatsApp, ile inayoonesha ujumbe umepitia mikono mitano au zaidi. Swali lake litabaki: wa kwanza ni nani? Programu za akili mnemba nazo anaweza kuzikabili kwa swali hilo, kwani mara nyingi hutoa jibu lililokatwa mnyororo.

Masomo mengine yanafuata mkondo huo. Jiografia ina picha za dhoruba za nchi nyingine zinazopewa jina la kimbunga cha jana, Hisabati ina grafu zisizoanzia sifuri, Biolojia ina dawa za kila maradhi. Finland imeuweka ujuzi huu ndani ya masomo yote tangu mtaala wake ulioanza kutumika 2016. Na kule Nebraska, Marekani, wanafunzi 499 wa sekondari walihusika katika jaribio ambamo masomo sita ya dakika 50 yaliingizwa kwenye vipindi vya Uraia. Waliofundishwa walipiga hatua kuliko wenzao.

Masomo sita ni machache, lakini tusiyabebe kama yalivyo. Wale walikuwa na kompyuta, mtandao usiokatika, na lugha yenye kurasa za kuulizia. Wikipedia ya Kiingereza ina makala zaidi ya milioni sita. Ya Kiswahili haijafika laki mbili. Anayeuliza kwa Kiswahili ana majirani wachache barazani, na wengi wao wametafsiri kutoka kwa jirani mmoja. Tena uvumi haukuzaliwa na simu: mwaka 1995 habari za popobawa, zimwi lililosemwa kuvamia watu usiku, zilitoka Pemba zikafika Unguja na Dar es Salaam bila bando.

Simu kwa wanafunzi ni marufuku katika skuli nyingi, na hilo halizuii kitu. Kurasa tatu zilizochapwa kituo cha walimu, zikatolewa kopi, zinatosha kipindi kizima. Kikwazo kikubwa zaidi ni mtihani, kwa sababu kisichotahiniwa hakifundishwi. Badala ya kuuliza vita vya 1896 vilidumu dakika ngapi kwa alama moja, swali linaweza kutoa vipande viwili, kimoja cha dakika 38 na kingine cha 45, likatoa alama nne: mbili kwa kuonesha vinapoachana, moja kwa kutaja chanzo cha tatu cha kuulizia, na moja kwa kueleza kwa nini hicho.