Kerneli ya Mac si Linux iliyopakwa rangi

Dhana ninayoisikia kila mara ni kwamba Mac ni Linux iliyobadilishwa sura. Siyo. Kerneli ya Mac, yaani kiini cha mfumo endeshi kinachosimamia kumbukumbu, prosesa na vifaa, inaitwa XNU, na mizizi yake inaitangulia Linux, kerneli ambayo Linus Torvalds aliitoa mwaka 1991. Mwaka 1985, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, Richard Rashid na wenzake, akiwemo Avie Tevanian, walianza kuitengeneza Mach, kerneli ya utafiti. Tevanian akahamia NeXT, kampuni ya Steve Jobs, na mwaka 1989 ikatoka NeXTSTEP, mfumo endeshi uliounganisha Mach na BSD, aina ya mfumo endeshi wa Unix kutoka Chuo Kikuu cha Berkeley. Apple ilipokubaliana kuinunua NeXT, Desemba 1996, ilirithi ukoo huo wote.

Mwenye Mac anaweza kuhakikisha sasa hivi. Fungua programu ya Terminal, andika uname -a, bonyeza Enter. Jibu linaanza na neno Darwin, jina la msingi wa mfumo wa Mac unaobeba XNU, na kuelekea mwisho utaona xnu ikifuatwa na tarakimu za toleo. Linux haimo.

Wengine husema XNU ni siri ya Apple. Msimbo wake umekuwa ukitolewa hadharani tangu Darwin 1.0, mwaka 2000. Na ingawa jina ni kifupi cha maneno yenye maana ya "X si Unix", Leopard, toleo la mfumo wa Mac la mwaka 2007, ilipata cheti rasmi cha UNIX 03, kiwango cha mifumo ya Unix.

Dhana inayowapotosha hata mafundi ni hii: kwa kuwa ndani kuna Mach, basi XNU ni maikrokerneli. Kwenye maikrokerneli halisi, kazi za faili na mtandao hufanywa na programu zilizo nje ya kerneli, na mawasiliano yote ni ya kutumiana ujumbe. Kila ujumbe unavuka mpaka wa kumbukumbu, na prosesa inalipia kila mvuko. Kusoma faili moja tu kunaweza kuvuka mpaka huo mara kadhaa. Waliojenga XNU waliikwepa gharama hiyo kwa kuziweka Mach na BSD chumba kimoja, yaani ndani ya kerneli ile ile, zikiitana moja kwa moja. Ndiyo maana inaitwa kerneli mseto. Ukianzisha programu, BSD inaipa namba, mmiliki na ruhusa. Mach inaipa kumbukumbu na zamu kwenye prosesa. Programu ni moja, ila imeandikishwa kwenye daftari mbili.

Kwangu mimi huo ulikuwa uamuzi wa busara, lakini wenye bei: draiva (programu inayoendesha kifaa) mbovu ikiwa ndani ya chumba hicho inaweza kuiangusha mashine nzima. Mwaka 2019, kwenye toleo la Catalina, Apple ilileta DriverKit ili draiva nyingi ziweze kufanya kazi nje ya kerneli, kule kule ambako watetezi wa maikrokerneli walitaka ziwe tangu miaka ya 1980.