Mzee, hilo neno ulilotumia silo

Jumamosi iliyopita, semina ya wazee wa kanisa, ukumbi wa bati huku Nkuhungu, joto lile la Dodoma la kusubiri mvua. Nilikuwa ndiyo kwanza nafungua ukurasa wa pili wa somo langu, namna ya kuwasikiliza waumini wanaovutiwa na watu wa jinsia yao. Mzee mmoja akasimama, akavua kofia, akauliza kwa adabu zote: "Baba mchungaji, kwa hiyo unataka tuwakaribishe kanisani hawa wanaolawiti watoto wetu?"

Makofi. Akina mama wakaguna. Nami, mtu mzima mwenye miaka 16 katika ushauri wa kichungaji, nikafunga daftari nikasema tukanywe chai.

Nimeulizwa swali hilo Mpwapwa, Kongwa, Bahi na Chamwino, tena kwa maneno yaleyale, utadhani kuna mahali linachapwa na kugawiwa. Siku hiyo uvumilivu ulikata. Jibu nililopaswa kutoa kabla ya chai ni hili.

Kiswahili cha redio na magazeti ya leo kikisema "kulawiti", msikilizaji anaona kitu kimoja tu: mtoto aliyeumizwa. "Jela maisha kwa kulawiti mwanafunzi." Sawa kabisa, na aende. Jumapili tunafungua 1 Wakorintho 6:9, Union Version, tunasoma "wala wafiraji, wala walawiti", na picha ya yule mtoto inarudi. Jumatatu anakuja kijana anayeimba besi kwaya ya vijana, hajawahi kumgusa mtu yeyote, ananiambia tangu darasa la saba havutiwi na wasichana na amefunga na kuomba mpaka amekonda. Picha ni ileile. Mhalifu, andiko na muimba besi, wote tumewafunga kamba moja.

Mnaopenda mambo ya lugha, neno lenyewe lina kisa. Tumelipata kwa Waarabu, nao walilitoa kwenye jina la Lutu. Si jina la watu wa Sodoma. La Lutu mwenyewe, yule aliyefunga mlango ili wageni wake wasidhalilishwe, ambaye Waraka wa Pili wa Petro unamwita mwenye haki. Majirani walitaka kubaka, yeye akazuia, jina likachafuka la kwake. (Habari ya binti zake aliotaka kuwatoa badala ya wageni naiacha. Nimeihubiri mara mbili, na mara zote mbili nilijua sijaielewa.) Ezekieli naye, sura ya 16, mstari wa 49, alipoorodhesha uovu wa Sodoma alianza na kiburi, shibe, na kutomshika mkono maskini. Sijawahi kualikwa semina ya kukemea shibe.

Turudi kwa Paulo. Maneno mawili ya Kigiriki pale Korintho ni malakoi na arsenokoitai. La kwanza maana yake ni laini. Ndilo hilohilo ambalo Mathayo 11:8 limetafsiriwa "mororo", mavazi mororo. La pili, ambalo kwenye Wakorintho ni "walawiti", linarudi 1 Timotheo 1:10, na watafsiri walewale safari hii wakaliita "wafiraji". Yaani neno moja la Kigiriki, Biblia moja, Kiswahili mara mbili tofauti. Siwalaumu, walifanya kazi ngumu. Lakini kama waliokesha na Kigiriki walisita, wewe uliyekesha na WhatsApp punguza sauti kidogo. Tena hilo neno "wafiraji", mtoto akilitamka mezani anakula kofi, ila msomaji wa zamu analisoma mbele ya usharika akishusha sauti kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemjua.

Kabla hamjaandika barua kwa askofu: sisemi Paulo alibariki mahusiano hayo. Sidhani. Ndoa ninayofungisha ni ya mume na mke, na sina mpango mwingine. Ninachosema ni kwamba mafundisho hayo yanaweza kusimama bila kumwita muimba besi mbakaji wa watoto.

Na mkanganyiko huu unawaumiza hao watoto tunaodai kuwatetea. Hapa ndipo huwa napandwa na hasira, mnisamehe. Kiti changu cha plastiki kimekaliwa na wazazi wa watoto waliolawitiwa. Waliowatenda wavulana hao, kwa niliowasikiliza mimi, walikuwa mjomba, jirani, mwalimu wa masomo ya ziada, babu mwenye wajukuu. Wanaume wenye wake zao. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akitembea kwa madaha. Sisi macho yetu yote yako kwa kijana mwenye sauti nyembamba, na anayetafutwa amekaa benchi la mbele na kofia yake mapajani. Mtoto akifanyiwa hivyo usiniite kwanza mimi nije kuomba. Hospitali, ndani ya saa 72, kwa ajili ya dawa za kuzuia VVU. Polisi, dawati la jinsia na watoto. Au piga 116, simu ya msaada kwa watoto. Kuomba tutaomba tukiwa njiani.

Sheria nitaipita haraka. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 154, kujamiiana kinyume na maumbile, kifungo kisichopungua miaka 30. Mzizi wake ni utawala wa Mwingereza, kwa hiyo ukiniambia "haya ni mambo ya wazungu" nitakuuliza ni upande upi. Kinaadhibu tendo. Hakina neno kwa anayehisi, wala kwa mchungaji anayesikiliza. Pepo? Nimekemea sana, miaka ya mwanzo. Walichopona wengi wao ni tabia ya kuja kuniambia ukweli.

Watu wanaita kazi hii kujenga daraja. Jina zuri, ila linakupa picha ya kambi mbili ng'ambo na ng'ambo, wakati hawa watu wamebatizwa, wanatoa zaka, wanapanga viti vya harusi za wenzao. Mimi naona korongo la hapa kwetu. Sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, unavuka kwa miguu huku unaongea na simu. Mvua ikipiga siku moja huko juu, linabeba gari. Mwishoni mwa 2018 ilipiga namna hiyo, matamko juu ya matamko ya kuwasaka watu hawa, na watu wawili waliokuwa wakija kwangu wakazima simu. Mmoja sijampata mpaka leo. Ndiyo maana siandiki majina, sirekodi, siombei mtu hadharani kwa "tatizo lake", na sikutani na watu wawili kwa pamoja.

Mbao za kuvukia tunazo tayari, tumezilalia. Maaskofu wa Kianglikana walipokutana kwenye Mkutano wa Lambeth mwaka 1998 walipitisha azimio 1.10 kwa kura 526 dhidi ya 70. Nusu yake kila mzee wa kanisa anaijua: matendo hayo hayapatani na Maandiko. Katika azimio hilohilo wanajifunga kuwasikiliza watu hawa, na wanalaani hofu isiyo na sababu dhidi yao. Nikisoma hapo naulizwa nimeitoa wapi. Ndugu zetu Wakatoliki nao, Katekisimu yao namba 2358 inasema wapokelewe kwa heshima na huruma, wasibaguliwe isivyo haki. Na haijalegeza fundisho lolote. Upande wa pili nako kuna kazi. Kuna dada aliniambia Wakristo wote ni wanafiki wanaotaka afe. Nilimwuliza, na bibi yako wa Mvumi aliyekulea? Akanyamaza, kisha akasema bibi hahesabiki. Nikamwambia tuanzie hapo, kwa bibi.

Sasa la kwangu, ambalo sikulisema kwenye semina. Mwaka 2012 nilimshauri kijana aoe. Nilisema mambo yatakaa sawa. Ndoa nikafungisha mwenyewe. Mwaka uliofuata kule Marekani Exodus International, iliyokuwa ikiwaahidi watu kama yeye kwamba watabadilika, ilifungwa, na mkuu wake akawaomba radhi waliodhurika. Habari hiyo nilikuja kuisoma miaka baadaye, mke wa yule kijana akiwa ameshakikalia kile kiti cha plastiki. Aliniuliza jambo moja: "Baba mchungaji, ulijua?"

Nilijua.

Akafungua Biblia yake, ameipigia mstari pale Korintho kwa kalamu nyekundu. "Mume wangu hajawahi kumgusa mtoto wa mtu. Ni mtu mzuri, ananilisha, ananiheshimu, hanitaki. Humu yeye ni yupi?" Nilitafuta neno moja la Kiswahili la kumpa, lisilo tusi wala kosa la jinai, nikalikosa. Mpaka leo natumia sentensi nzima, na semina zangu zinachelewesha chai.