Kupanda Milima ya Alps kwa Baiskeli: Maswali na Majibu Kuhusu Mwili Wako

Naendesha kilomita 100 za tambarare bila shida. Mbona Alpe d'Huez inanimaliza?

Kwenye tambarare unashindana na upepo. Mlimani unabeba uzito wako mwenyewe. Barabara ya Alpe d'Huez, nchini Ufaransa, ina urefu wa karibu kilomita 14 na kona 21, na mwinuko wake wa wastani ni asilimia 8, yaani kila ukisogea mita 100 unapanda mita 8. Tuseme wewe na baiskeli yako mna kilo 80. Kwa mwendo wa kilomita 10 tu kwa saa, utatumia karibu wati 175 kushinda mvutano wa dunia peke yake. Tena tambarare ukichoka unaacha kupiga pedali na baiskeli inajiendea. Mlimani ukiacha, umesimama. Misuli haipati hata nusu dakika ya kupumua, na hali hiyo inaendelea kwa saa nzima au zaidi.

Nianze kwa kasi gani?

Polepole kuliko unavyotamani. Hapa ndipo wengi wanapoharibu safari, kwa sababu miguu bado mibichi na shauku imepanda. Kilomita za mwanzo za Alpe d'Huez ni miongoni mwa zilizo kali zaidi, karibu asilimia 10, na mtu huzivamia kana kwamba mlima unaishia kona ya pili. Ukizidisha nguvu, oksijeni inayofika kwenye misuli haitoshelezi kazi uliyoipa. Mwili huanza kuchoma kwa pupa glikojeni, ile akiba ya wanga iliyo ndani ya misuli na ini, na akiba hiyo haijai tena ukiwa barabarani.

Kipimo changu ni mdomo. Ukiweza kutamka sentensi fupi bila kukatika pumzi, uko sawa. Ukibaki na neno mojamoja, punguza mara moja, hata kama wenzako wanakupita. Waache wapite.

Kwa nini natokwa na jasho jingi hivi, na huko juu kuna baridi?

Misuli ni kama jiko linalovujisha moto: karibu robo tu ya nishati ndiyo inayosukuma pedali, inayobaki yote hugeuka joto. Kwenye tambarare upepo wa mwendo wako hulipeperusha. Kwa kilomita 10 kwa saa upepo huo haupo, na siku ya jua lami nayo inakurudishia joto. Tarehe 13 Julai 1967, Tom Simpson wa Uingereza, mwendesha baiskeli wa kulipwa mwenye umri wa miaka 29, alianguka na kufariki karibu na kilele cha Mont Ventoux, kusini mwa Ufaransa, siku ya joto kali. Mwilini mwake zilikutwa pombe na amfetamini, ambayo ni dawa ya kusisimua mwili. Dawa ya kusisimua huziba masikio yako usisikie mwili ukisema basi. Tafadhali, usiiguse.

Panda asubuhi mapema, fungua zipu ya jezi, jimwagie maji shingoni.

Ninywe na kula kiasi gani?

Kwa wengi, nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa inatosha, kwa mafunda madogo madogo. Usijilazimishe kunywa maji matupu kupita kiasi; yanapunguza chumvi katika damu na yanaweza kuwa hatari kama kiu yenyewe. Kula wanga gramu 30 hadi 60 kila saa, na uanze kabla njaa haijabisha hodi.

Hewa nyepesi itanisumbua?

Inategemea kimo. Barabara ya mlimani ya Stelvio, nchini Italia, hufika zaidi ya mita 2,750, na huko oksijeni unayovuta ni pungufu kwa zaidi ya robo ukilinganisha na ufukweni. Nguvu zitapungua, hilo ni la kawaida. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikikushika, geuza ushuke.

Magoti yanauma. Je, nivumilie?

Hapana. Mara nyingi gia ni nzito mno au kiti kiko chini mno. Weka gia nyepesi, yaani mnyororo uwe kwenye gurudumu la meno lililo kubwa la nyuma, uzungushe pedali mara 70 na zaidi kwa dakika.

Kushuka si ndiko kupumzika?

Ndiko kwenye hatari ambayo watu huisahau. Umelowa jasho, halijoto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, na sasa unakwenda kwa kasi bila misuli kuzalisha joto. Vidole vikiganda havikamati breki. Vaa koti la upepo na glavu kileleni, kabla hujaanza kutetemeka.

Nani amwone daktari kwanza, na lini nisimame?

Mwenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo, na yeyote aliyevuka miaka 40 bila mazoezi ya karibuni. Njiani, simama ukihisi kifua kubana, maumivu yanayoelekea mkononi au tayani, kizunguzungu, moyo kuruka mapigo, au ukiacha kutoka jasho huku mwili unawaka na akili inavurugika. Kaa kivulini nje ya barabara, mwambie aliye karibu, na upige 112, namba ya dharura inayofanya kazi katika nchi zote za Alps.