Je, wajua kwa nini askari wa zamani waliandika wosia ndani ya kitabu cha mshahara?

Wanaokusanya vitabu vya zamani vya vita huko Uingereza wanakijua hiki kitu. Unafungua kijitabu kidogo cha askari wa Vita Kuu ya Kwanza, kurasa zimechakaa, halafu unakuta mistari miwili mitatu ya mkono, imeandikwa harakaharaka, kwamba nikifa kila nilicho nacho apewe mama, chini sahihi na tarehe, basi. Unajiuliza huyu jamaa alikosa karatasi au?

Wala hakukosa. Hicho ni kitabu cha mshahara, kila askari wa Uingereza alikuwa nacho, ndani kuna jina, namba ya jeshi, hela alizochukua, na kuna ukurasa umewekwa makusudi kwa ajili ya wosia. Kabla hawajapelekwa mstari wa mbele walikuwa wanaambiwa wajaze. Sasa wewe kama ni raia wa kawaida, Sheria ya Wosia ya 1837 ilikutaka uwe na mashahidi wawili, wote wapo wakati unasaini, lakini kifungu cha 11 kikawaachia askari walioko vitani na mabaharia walioko baharini, yaani hata mtu akisema kwa mdomo tu inahesabika. Mwaka 1918 ikatungwa sheria nyingine kuweka wazi kwamba hata kijana wa chini ya miaka 21 wosia wake unasimama, maana vijana kibao waliokuwa kwenye mahandaki hawajafika huo umri.

Na msidhani ni akili ya Waingereza hii. Warumi walishaifanya kitambo, mwaka 334 mfalme Konstantino alisema askari anayekufa akiandika wosia kwa damu yake kwenye ngao, au akachora na upanga kwenye vumbi, unakubalika. Kwenye vumbi! Sijui hakimu alikuwa anabebaje ushahidi.

Kingine utakachoona ni rangi, mara nyingi maandishi ni ya zambarau. Ni penseli za wakati ule ambazo zikipata unyevu zinageuka rangi na kufuta inakuwa kazi. Kwa mtu anayelala kwenye tope hiyo ndiyo kalamu, wino wa kawaida ungemwagika wote.

Vile vijitabu vya Agano Jipya walivyogawiwa askari navyo vimejaa majina, na hapo kuna sababu nyingine kabisa. Mwanzoni askari wa Uingereza alivaa kibati kimoja tu shingoni, akifa kinachukuliwa kama uthibitisho, mwili unabaki bila jina. Vibati viwili vilianza Septemba 1916, kimoja kinachukuliwa kingine kinabaki na marehemu. Kwa hiyo jina ndani ya kitabu, au namba iliyogongwa kwenye kijiko, ndiyo ilikuwa bahati ya mtu kupata kaburi lenye jina lake.

Huku kwetu wapagazi wa vita hiyohiyo, wale walioacha jina Kariakoo, wengi hawakupata hata hicho kibahati. Nenda pale kwenye sanamu ya Askari Dar, maandishi yapo, Kiswahili na Kiingereza, yanawataja wote kwa jumla na hakuna jina hata moja la mtu.

Turudi kwenye vile vijitabu. Askari akifa, wosia ulikuwa unapelekwa Wizara ya Vita, na mara nyingi kilichopelekwa ni ule ukurasa wenyewe, umetolewa kitabuni ukagongwa muhuri. Wosia zaidi ya laki mbili za Uingereza zilihifadhiwa hivyo, na mwaka 2013 zikaanza kuwekwa intaneti. Ndio maana ukinunua kitabu ukakuta ukurasa wa wosia upo na umejazwa, mara nyingi mwenyewe alirudi nyumbani salama, kitabu kikazeekea kabatini. Ukikuta umechanwa, angalia tarehe ya mwisho aliyochukua mshahara.