Bolti iliyokatika haitolewi kwa nguvu

Hapa Goma, bolti ya ekzosi ikikatikia ndani ya silinda hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda), ushauri wa kwanza ni ule ule: toboa katikati, gongomea chuma cha kung'olea, vuta kwa nguvu zote. Jamani, ushauri huo unaharibu injini za watu.

Kwanza ilikatika kwa nini? Mara nyingi ni kutu, imeishika kuliko uwezo wa chuma chenyewe. Kama bolti nzima ilishindwa, kichuma chembamba kuliko yenyewe kitaweza vipi? Ni kigumu, lakini hakipindi, hukatika. Kikibaki mle, keekee ya kawaida haikitoboi tena.

Kinacholegeza kutu ni joto na subira. Hedi nyingi ni za alumini, na alumini hutanuka karibu mara 2 ya chuma kwa joto lile lile. Kwa hiyo pasha moto hedi kuzunguka bolti, tundu lipanuke kuliko bolti, taratibu, petroli ikiwa mbali.

Kipande kikichomoza hata milimita 2, mpe fundi wa kuchomelea aweke nati juu yake. Betri itenganishwe kwanza. Nati itawaka nyekundu. Usiiguse mpaka irudi kuwa nyeusi, kisha tia mafuta na spana, robo nyuma, kidogo mbele, tena nyuma. Ukiona unga wa kahawia unatoka kwenye meno, inakubali. Ikikaza, usibishane nayo, ipashe upya. Mimi huipa hata saa nzima.