Je, wajua kwa nini nyimbo kibao zinapigwa kwa kodi nne tu za gitaa?

Kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, na ukishajua kupiga kodi za G, D, Em na C kwenye gitaa, tayari una nyimbo nyingi kuliko utakazoweza kumaliza. Sio utani. "Let It Be" ya The Beatles (1970), "No Woman, No Cry" ya Bob Marley, "With or Without You" ya U2 (1987), zote zimejengwa juu ya mzunguko uleule wa kodi nne, tofauti ni kwamba kila mmoja kaupiga kwenye ufunguo wake, yaani juu zaidi au chini zaidi. Ndo hapo mtu anauliza, hawa wasanii ni wavivu au wanaibiana?

Wala. Jibu liko kwenye do re mi, na aliyewahi kuimba kwaya atalidaka haraka. Kuna sauti saba, do re mi fa so la ti, halafu unaingia do ya juu. Kodi ya kawaida ni sauti tatu zinazopigwa pamoja kwa kuruka moja moja: ukianzia do unapata do-mi-so, ukianzia fa unapata fa-la-do, ukianzia so unapata so-ti-re. Sasa hebu zikusanye sauti zote zilizomo kwenye kodi hizo tatu. Do, re, mi, fa, so, la, ti. Zote saba zimo! Yaani mtunzi aimbe sauti yoyote ile kati ya hizo saba, lazima ipo kodi ya kuibeba, na ndo maana blues na sehemu kubwa tu ya rumba ya Kongo zinakwenda na hizo tatu basi, na watu wanacheza mpaka asubuhi bila kulalamika.

Sikio nalo linazipenda, na hiyo ni fizikia. Sauti ya A ya kupimia vyombo inatetema mara 440 kwa sekunde, na kodi ya meja (ya aina ya do-mi-so) inayoanzia hapo, ikiwa safi kabisa, ni 440, 550 na 660, yaani 4 kwa 5 kwa 6. Mitetemo inakutana kila baada ya muda mfupi kwa hiyo unasikia kitu kimoja kilichotulia. (Gitaa lenyewe linadanganya kidogo, ile ya katikati inatokea kwenye 554 hivi, kwa sababu freti (vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa) zimepangwa ili ufunguo wowote upigike, ila sikio linasamehe.)

Ya nne ni la-do-mi, ile ya maina, yenye huzuni. Haileti sauti mpya hata moja, inaleta hisia tu. Do na mi inazo kodi ya kwanza, la na do zipo kwenye kodi ya fa, kwa hiyo unaingia na kutoka bila kugonga mtu.

Halafu kuna mpangilio, na mimi naona utamu wote uko hapa. Ndani ya kodi ya so kuna ti, na ti iko nusu hatua tu chini ya do, inavuta kurudi nyumbani kwa nguvu mpaka ukiachia wimbo pale watu watakuangalia vibaya. Kodi ya fa inarudi nyumbani pia ila kwa upole, ndo ile "Amina" ya mwisho wa tenzi za kanisani. Sasa ule mzunguko maarufu ni do, so, la, fa (kwenye ufunguo wa G ndo zile G, D, Em, C): unamalizia kwa fa, sio so, kwa hiyo haufungi mlango, unateleza tu kurudi mwanzo na unaweza kuuzungusha dakika nne bila kuchosha. Anzia kwenye la, kodi zilezile zinageuka kuwa na majonzi, la, fa, do, so, na hiyo ndo "Despacito" ya 2017.

Kwa mpiga gitaa kuna raha nyingine. Ukiwa kwenye ufunguo wa G, vidole viwili vya mwisho unavibandika freti ya tatu, nyuzi mbili nyembamba, na havitoki pale wimbo mzima, unahamisha vile vingine tu. C na D zinakuwa na sauti ya ziada ndani yake lakini ndo zinazidi kuwa tamu. Mwimbaji akitaka juu zaidi, unabana kapo (kibano cha kubania nyuzi) shingoni mwa gitaa na unaendelea na vidole vilevile.

Suala la kuibiana lilifika hadi mahakamani New York mwaka 2023, mwimbaji wa Uingereza Ed Sheeran akidaiwa kwamba "Thinking Out Loud" imeiga "Let's Get It On" ya Marvin Gaye. Jamaa akabeba gitaa mpaka kizimbani akawapigia, kuonyesha kwamba kodi kama zile zimejaa kwenye nyimbo za watu wengine, na baraza la wazee wa mahakama likasema hakuiba. Naona walitenda haki kabisa, maana sauti zenyewe ni saba tu, ungemwambia nani ndo mwenye nazo?