Ukipigiwa na "benki", kata simu upige wewe

Mwalimu mstaafu aliyekaa mbele ya meza yangu Jumatatu asubuhi alikuja na simu, kadi ya ATM na daftari la mistari alimoandika kila alichokikumbuka, saa na dakika. Walimu ndivyo walivyo. Ijumaa saa kumi na moja jioni, tawi limeshafungwa, simu yake iliita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Kijana akamtaja majina yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA. Akasema anapiga kutoka makao makuu ya benki, kitengo cha usalama wa akaunti. Kuna mtu yuko Mwanza anajaribu kutoa shilingi 850,000 kwenye akaunti yako, umemtuma wewe? Mama akashtuka. Mwanza hana hata ndugu. "Basi tulia mama, tuuzuie huo muamala kabla haujapita. Sasa hivi utaingia ujumbe wenye namba sita. Nisomee niufute."

Ujumbe ukaingia kweli, tena kwa jina la benki. Mama akavaa miwani, akausoma wote kwa sauti, ikiwemo sentensi ya mwisho inayosema usimpe mtu yeyote namba hii, hata mfanyakazi wa benki. Alimsomea tapeli hadi onyo lenyewe. Kijana akacheka kidogo, akamjibu, "Hilo linawahusu matapeli mama, siyo sisi."

Nafanya kazi kwenye kitengo cha kudhibiti udanganyifu cha benki, na kisa hiki nimekisikia kwa sauti nyingi: mfanyabiashara wa Kariakoo, askari, muuguzi, hata mhasibu. Wanaosema "wanaotapeliwa ni wasiosoma" hawajawahi kukaa kwenye kiti changu. Na karibu mara zote mfumo wa benki unakuwa haujavunjwa. Mlango umefunguliwa kutoka ndani, na aliyeufungua alidhani anaufunga.

Hebu tuangalie kilichokuwa kinaendelea upande wa pili. Kijana alikuwa na simu nyingine mkononi, ameweka programu ya benki na kuandika namba ya mama. Mfumo ukataka uhakika kwamba hiyo simu mpya ni ya mwenye akaunti, ukatuma namba sita kwenye laini ya mama. Hiyo ndiyo namba ya uthibitisho, wengi wanaiita OTP. Kazi yake ni moja tu, kuruhusu. Inaruhusu simu mpya iingie, inaruhusu malipo ya kadi yapite, inaruhusu namba ya siri ibadilishwe. Haifuti wala haizuii kitu. Anayekuomba umsomee ili "azuie" muamala, muamala wenyewe ni huo anaoufanya wakati mnaongea.

Ikabaki namba ya siri, na hapa kijana alionyesha ufundi. Hakumwomba aitaje. Alimwambia, "Usinitajie mama, hiyo ni siri yako. Ibonyeze tu hapohapo kwenye simu, itaingia kwenye mfumo yenyewe." Kila kitufe cha simu kina mlio wake ukibonyeza katikati ya maongezi, na zipo programu za kugeuza milio hiyo kuwa tarakimu. Mpaka leo mama anaapa kwamba hakumtajia mtu namba yake ya siri, na anasema kweli.

Swali la kwanza aliloniuliza ni lile ambalo kila mtu huuliza: majina yangu matatu ameyatoa wapi kama siyo mmoja wenu? Siwezi kuapa kwamba hakuna mfanyakazi wa benki aliyewahi kuuza taarifa za mteja. Wapo, na wengine wamefukuzwa na kushtakiwa. Lakini kwa jina tu, tapeli hahitaji mtu wa ndani. Chukua simu yako, anza kumtumia mtu pesa, ingiza namba yake na kiasi. Kabla hujathibitisha, jina la mwenye laini linatokea. Huduma hiyo imewekwa ili usikosee namba, na ni nzuri. Tapeli anaitumia kusoma jina lako, kisha anaghairi. Hapotezi hata senti.

Kuna na lile daftari la wakala, lenye jina, namba na kiasi ulichotoa, liko wazi juu ya meza na yeyote anayesubiri zamu yake analisoma. Halafu kuna kurasa za benki mitandaoni. Mteja anaandika chini ya tangazo, "Hela yangu imekatwa tangu jana, hamjibu, nipigieni 07..." Anapigiwa haraka kuliko tunavyompigia sisi, na mtu mwenye nembo yetu kwenye picha ya WhatsApp. Kwa hiyo kujua jina lako, benki yako, hata kiasi ulichotoa juzi, hakumfanyi mtu kuwa wa benki.

Jina la benki juu ya ujumbe nalo halithibitishi kitu. Simu hupanga meseji kwa jina la mtumaji tu, haina namna ya kujua nani yuko nyuma ya jina hilo. Mtu akifanikiwa kutuma ujumbe wenye herufi zilezile, utaingia kwenye mfululizo uleule ambao mshahara wako hutangazwa kila mwezi, ukae chini ya ujumbe halali kana kwamba ni ndugu. Namba inayoonekana ukipigiwa inaweza kughushiwa pia. Na programu zinazoonyesha jina la mpigaji usiyemjua huonyesha jina alilojiandikisha mwenyewe au jinsi watu walivyomhifadhi. Tapeli akijiita "Huduma kwa Wateja", ndivyo atakavyotokea.

Ndiyo maana sipendi sana kuwafundisha watu kutambua utapeli kwa makosa ya herufi au lafudhi ya mpigaji. Zamani ilisaidia. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja..." au za kukukaribisha Freemason zinajulikana hata na watoto wa shule, ingawa bado kila mwisho wa mwezi zinampata mtu aliyekuwa kweli anasubiri namba ya kumtumia fundi au mwenye nyumba hela yake. Lakini kijana aliyempigia mwalimu aliongea Kiswahili safi, ana heshima, na nyuma yake zilisikika sauti za ofisi yenye watu wengi. Ukimpima kwa lafudhi, anafaulu.

Mpime kwa anachotaka ufanye. Benki inaweza kukupigia, tena kwa jambo la kweli: malipo ya kadi yanayotia shaka, mkopo, fomu isiyokamilika. Isichoweza kukuomba ni namba ya siri, namba ya uthibitisho au zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi. Haitakwambia uhamishe pesa zako kwenda "akaunti salama", maana akaunti salama ndiyo hiyo uliyonayo. Haitakwambia uweke programu ya kumwezesha mtu kuona kioo cha simu yako kutoka mbali. Wala haitakwambia ubonyeze nyota mbili, 21, nyota, namba ya simu ya mtu na reli. Hiyo ya mwisho inahamisha simu zako zote ziende kwa huyo mtu, hata benki ikipiga kukuuliza anapokea yeye. Kama ulishaibonyeza, piga ##002#, uhamishaji wote unafutika.

Halafu kuna haraka. Tapeli hataki ukate simu. Utamsikia: "usikate mama, ukikata muamala unapita", "usimwambie mtu, tunamchunguza mfanyakazi wa tawi lako". Anajua ukikaa dakika tano peke yako, au ukimuuliza binti yako aliyeko jikoni, mchezo umekwisha. Kwa hiyo mpe asichokitaka. Kata. Huna haja ya kubishana naye, kumtukana, wala kumpotezea muda ili ufurahi, kwa sababu wengine wanarekodi sauti na wengine watakusumbua kwa wiki nzima. Kisha piga wewe, kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako, siyo aliyokutumia yeye wala ya kwanza uliyoikuta ukitafuta mtandaoni. Anayejidai ni wa mtandao wa simu naye mpime hivyohivyo: hapa Tanzania huduma kwa wateja ya mitandao ni namba 100, na mtu anayepiga kwa laini ya kawaida akisema laini yako itafungwa saa sita usiku, achana naye.

Niseme na letu. Mabenki tumechangia kuwazoesha watu vibaya. Tunawapigia wateja kwa namba za kawaida kuwauzia mikopo, tukianza na "naomba unithibitishie tarehe yako ya kuzaliwa", halafu tunashangaa mteja anapomjibu tapeli kwa utiifu uleule. Mteja akinikatia simu na kupiga kituo cha simu cha benki kuuliza kama mimi ni wa kweli, sichukii. Afisa atakayechukia, mshangae.

Sasa, kama umeshasoma namba. Pesa ya wizi haikai. Inatoka kwenye akaunti kwenda kwenye laini ya simu, inagawanywa kwenye laini mbili tatu, halafu mtu anasimama kwa wakala anaitoa taslimu. Kinachoweza kuzuiliwa ni kile kilichobaki njiani, na kila dakika kinapungua. Mwalimu alijua saa kumi na mbili kasoro kwamba ameibiwa, meseji za kutoa zilipoanza kuingia. Alikuja Jumatatu. Alikuwa anaona aibu kumwambia mwanawe, akadhani pia benki ikifungwa Ijumaa hakuna mtu. Kituo cha simu kina watu hata wikiendi. Piga usiku huohuo, sema maneno haya tu: "Nimetapeliwa, fungeni huduma ya simu na kadi zangu." Maelezo yatafuata. Kama pesa imeingia kwenye laini, piga na mtandao husika, 100, uwape namba ya muamala. Usifute ujumbe wowote, hata ule unaokutia uchungu kuuona. Asubuhi nenda polisi ufungue jalada na upewe RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, kwa sababu bila hiyo benki na mtandao hawawezi kwenda mbali na taarifa za mtu mwingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawahusu hawa watu moja kwa moja.

Namba iliyokupigia ipeleke TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, hata kama hukupoteza kitu. Andika neno utapeli, tuma, fuata maelekezo. Watu wengi wanaona ni kazi bure. Lakini laini inayoripotiwa ndiyo inayofungwa, na tapeli asiye na laini mpya hana kazi.

Hizo laini mpya anazipata wapi wakati tulisajili zote kwa alama za vidole, na zisizosajiliwa zilianza kuzimwa Januari 2020? Kwako, pengine. Kijana mwenye mwavuli anakusajilia laini, unaweka kidole, anasema "haijasoma, weka tena". Mara ya pili alikuwa anasajili laini nyingine kwa jina lako, akaiuze. Piga *106# kwenye kila laini uliyonayo uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao huo wakaifute, usingoje polisi waje kukuuliza kuhusu wizi uliofanyika Sumbawanga nawe hujawahi kufika Rukwa. Na simu yako ikipoteza mtandao ghafla mahali ambapo wenzako wanao, usiizime na kuiwasha siku nzima. Huenda kuna mtu amehamishia namba yako kwenye laini mpya aliyonayo yeye. Azima simu, piga benki kwanza.

Mwalimu tulimwokolea sehemu, siyo yote. Laini ya pili katika mlolongo ilikuwa na salio ambalo halijatolewa, likazuiliwa. Zingine zilishaondoka Ijumaa ileile, kabla ya saa mbili usiku.

Wiki tatu baadaye akanipigia. Kuna kijana mwingine alikuwa amempigia, shikamoo mama, sisi ni kikosi cha makosa ya mtandao, wezi wako tumewakamata, pesa yako ipo, tuma shilingi 60,000 za kufungulia jalada. Hawa huwa ni walewale au wenzao, orodha za waliowahi kuibiwa zinazunguka kati yao. Nikamuuliza alimjibu nini.

"Nilimwambia marahaba," akasema. "Halafu nikakata. Namba yake hii hapa, andika."

Nikaandika, tukaituma 15040 tukiwa bado kwenye simu.